Tairi la karavani likipata moto, usilitoe upepo

Swali: "Nina karavani ya ekseli moja. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,500, na kibandiko cha mlangoni kinasema matairi yajazwe presha ya PSI 50. Juzi niliyajaza asubuhi na mapema, nje kukiwa na nyuzi 15 hivi, yote mawili 50 kamili. Baada ya saa mbili na nusu za barabara kuu nilisimama kujaza mafuta. Jua lilikuwa kali, kama nyuzi 30. Nikapima: kushoto 57, kulia 58. Niliogopa yasije yakapasuka, nikatoa upepo mpaka yakarudi 50, nikaendelea na safari. Asubuhi yake nikakuta kushoto karibu 44, kulia 43. Sikuwa na kompresa, nikarudi nyumbani hivyo hivyo, kilomita 200. Rafiki mmoja anasema nijaze naitrojeni, tatizo liishe. Mwingine anasema msimu wa joto nianze na 45 ili yakipanda yafike 50. Mwezi ujao tunakwenda milimani, ambako usiku ni baridi kali. Namba ipi niifuate?"

Ndugu yangu, fuata ile 50 ya asubuhi. Ile 57 ya mchana haikuwa na kosa lolote, wala 58 ya kulia. Iliyokuwa na kosa ni 50 uliyoitengeneza kwa mkono wako pale kituo cha mafuta, kwa sababu ilikuwa 50 ya tairi la moto. Sikulaumu. Nimewaona madereva waliozeekea barabarani wakichuchumaa kando ya lami, wamebonyeza vali kwa ukucha, upepo unafoka, nao wanaamini wanaliokoa tairi.

Hofu yenyewe inatokana na kuisoma ile 50 kama dari, kwamba tairi likivuka hapo limeingia hatarini. Kibandiko kinataja presha ya tairi baridi, na presha hiyo uichukulie kama sakafu. Aliyeiandika alijua kabisa kwamba gari likitembea upepo utapanda, akaliachia tairi nafasi ya kupanda. Ndivyo ilivyo hata kwa ile presha ya juu kabisa iliyochorwa ubavuni mwa tairi: nayo ni ya kujaza likiwa baridi, na ongezeko la barabarani limeshafikiriwa.

Sasa tuzihesabu namba zako, maana zinasema mengi kuliko ulivyodhani. Kwamba hewa iliyofungiwa ikipata joto hukandamiza zaidi ni jambo ambalo Mfaransa Guillaume Amontons alilipima mwanzoni mwa miaka ya 1700, kabla hata ya kuwapo gari la kukokota karavani. Ila hesabu yake ina mtego mmoja unaowanasa wengi. Geji ya tairi haihesabu mkandamizo wa hewa inayotuzunguka, ambao usawa wa bahari ni kama PSI 14.7. Kwa hiyo tairi lenye 50 kwenye geji kwa kweli lina 64.7 ndani. Na joto nalo lihesabiwe kwa Kelvin, yaani nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273: nyuzi 15 ni Kelvin 288, nyuzi 30 ni 303. Chukua 64.7, zidisha kwa 303, gawanya kwa 288, unapata 68.1. Ondoa 14.7 ya nje, geji itasoma 53.4.

Ona hapo. Karavani ingebaki imeegeshwa bila gurudumu kuzunguka hata mara moja, joto la mchana peke yake lingekupa PSI 3.4 za ziada. Kwa tairi la 50, kila nyuzi 10 za joto ni kama PSI 2.2. Kwa tairi la gari dogo lenye 32 ni kama 1.6. Hivyo katika zile 7 zilizokutisha upande wa kushoto, karibu nusu ilikuwa hali ya hewa. Barabara ilichangia 3.6 tu.

Nasema "tu" nikijua ninachosema. Madereva wa safari ndefu wana kipimo chao cha makisio: tairi la gari dogo likishapata moto lisipande zaidi ya PSI 4 juu ya presha ya baridi, na la gari la mizigo mepesi lisizidi 6. Si sheria ya fizikia, ila hufaa, mradi kwanza uondoe mchango wa hali ya hewa kama tulivyofanya. Kushoto kwako ni 3.6, kulia ni 4.6, nalo tairi la karavani ni la kubeba mzigo, hivyo lipime kwa ile 6. Kwa tairi lililobeba karibu uzito wake wote kwa saa mbili na nusu, hayo ni majibu ya tairi lenye afya. PSI 1 ya tofauti kati ya pande mbili isikusumbue: upande unaopigwa na jua hupata moto zaidi, na barabara nyingi zimeinamia pembeni, kwa hiyo gurudumu moja hubeba kidogo zaidi ya jingine.

Joto hilo la barabarani linatoka wapi? Wengi hudhani ni msuguano na lami. Upo, lakini moto mwingi huzaliwa ndani ya tairi lenyewe. Kila sehemu ya tairi inapogusa chini hubonyea, ikiondoka hunyooka. Tairi la kawaida la karavani huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita, na kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa ni kama mara 13 kwa sekunde moja. Mpira hauirudishi nguvu yote iliyoubonyeza. Sehemu yake hubaki ndani ikawa joto. Chukua waya, ukunje na kuukunjua haraka haraka, halafu uguse pale panapokunjika, utanielewa. Na mpira haupitishi joto kwa urahisi, hivyo moto hujikusanya ndani kabisa, hasa begani mwa tairi, ambako kingo za mikanda ya waya wa chuma zimeshikana na mpira. Hapo ndipo matabaka huanza kubanduka.

Kinachoamua tairi libonyee kiasi gani ni mzigo na upepo. Upepo ukipungua, tairi linabonyea zaidi. Likibonyea zaidi, linapata moto zaidi. Basi tairi linaloanza safari na upepo mdogo ndilo ambalo geji yake hupanda kwa kasi kubwa zaidi. Hapa ndipo akili ya kawaida hutudanganya. Ukiondoa mchango wa jua na bado ukakuta presha imepanda kupita kiasi, mara nyingi tairi linakuambia kwamba liliondoka nyumbani na njaa: upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo liliobeba. Dawa yake ni kuongeza upepo kesho asubuhi likiwa baridi, au kupunguza mzigo, au kupunguza mwendo. Ukitoa upepo pale pale, unaliongezea kile kile kinacholichoma. Wahenga husema dawa ya moto ni moto; hapa dawa ya presha iliyopanda mno ni kuongeza upepo, tairi likishapoa.

Turudi kituo cha mafuta. Kushoto kulikuwa na 57, maana yake hewa ya ndani ilikuwa kwenye nyuzi 46 hivi. Ukaishusha mpaka 50. Usiku tairi likapoa, likarudi kwenye nyuzi 15, na 50 ile ikawa 43.7. Kulia, kulikokuwa na moto zaidi, ikawa 43 kasoro kidogo. Hizo ndizo namba ulizozikuta asubuhi, karibu bila kupishana. Tairi halikuvuja. Hesabu ilijilipa yenyewe.

Kwa gari lako dogo, upungufu kama huo ungekuwa uzembe wa kusahihishwa tu. Kwa karavani ni jambo zito, na sababu ni hii: matairi ya gari dogo huwa na akiba kubwa ya uwezo, ilhali ya karavani mara nyingi huchaguliwa yatoshe na kubaki kidogo sana. Tazama ubavuni, baada ya namba za saizi, kuna namba ya uwezo wa kubeba. Ikiwa ni 98, tairi moja linabeba kilo 750, mawili kilo 1,500. Karavani yako ikijazwa mpaka kiwango chake, toa kama kilo 75 zinazolala kwenye ndoano ya gari, kila tairi linabaki na zaidi ya kilo 710. Na kilo 750 hizo zinapatikana tairi likiwa na presha yake kamili tu. Ukiondoa asilimia 12 au 14 ya upepo, uwezo wa kubeba hushuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Fanya hesabu, utaona kwamba zile kilomita 200 za kurudi huenda ulizisafiri matairi yakiwa yamezidiwa.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki wa pili, wa kuanza na 45 siku za joto, siukubali hata kidogo. Tairi lililojazwa 45 litabonyea kama tairi la 45 tangu mita ya kwanza, na hiyo 50 ya mchana litaifikia kwa kujichoma. Siku za joto ndizo tairi huwa na nafasi ndogo ya kupoa, kwa sababu hewa ya nje na lami vyenyewe vina moto. Ukitaka kulisaidia siku hizo, ondoka mapema, punguza mwendo, na shusha vitu vizito usivyovihitaji. Tangi la maji lililojaa lita 40 ni kilo 40, na maji utayakuta uendako.

Kuhusu naitrojeni: hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ukijaza tairi naitrojeni tupu, itapanda na kushuka kwa joto kwa kanuni ile ile ya Amontons. Faida zake zipo, nazo ni ndogo. Hupenya kwenye mpira polepole kidogo kuliko oksijeni, na kwa kuwa huletwa kavu haina ule unyevu ambao kompresa mbovu huingiza. Kama unaipata bila gharama, ijaze. Usitegemee ikuondolee kazi ya kupima.

Neno "baridi" nalo linahitaji ufafanuzi. Halimaanishi kipupwe. Tairi baridi ni lile lililosimama kwa muda wa saa 3 au zaidi, au lililotembea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa taratibu, na ambalo halijapigwa na jua. Likiwa hivyo, joto lake ni lile la hewa ya mahali hapo, liwe nyuzi 5 au 35, na 50 ya kibandiko ndiyo unayoitafuta. Pima asubuhi kabla jua halijafika upande mmoja. Kama kompresa iko mbali na nyumbani, pima kwanza nyumbani, andika pungufu. Tuseme tairi lina 46, basi pungufu ni 4. Ukifika kwenye kompresa tairi limeshapata moto kidogo na geji inasema 49, ongeza 4 hizo hizo, ufike 53. Usiishie 50.

Na ukiwa safarini kama ulivyokuwa, pima ukitaka, lakini mkono wa kutoa upepo ufunge. Ukipima tairi la moto, linganisha la kushoto na la kulia. Yakiwa yamepanda pamoja, endelea na safari. Moja likiwa juu ya mwenzake kwa PSI 4 au 5, usilitazame tairi tu. Sogeza nyuma ya kiganja karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, usiiguse. Kama inafuka moto kuliko ya upande wa pili, breki imeshika au beringi inakufa, na joto lake linahamia kwenye rimu mpaka hewani ndani ya tairi. Hapo hata ukitoa upepo wote hujatibu kitu.

Namba ya kuogopa mchana ni kinyume cha uliyoiogopa. Ukikuta tairi la moto lina 50 kamili, wakati asubuhi lilikuwa na 50, tairi hilo linavuja. Joto limelipandisha na uvujaji umelishusha, vikafutana, na geji ikaonyesha namba inayopendeza macho. Likipoa litakuwa na 44 au chini yake.

Sasa milimani. Hapa kuna mambo mawili yanayovutana. Ukipanda mita 1,000, hewa ya nje inakuwa nyepesi, na geji itasoma kama PSI 1.6 zaidi bila chochote kubadilika ndani ya tairi. Lakini kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza joto kwa nyuzi 6 na nusu hivi, na hizo kwa tairi lako ni kama PSI 1.4 za kushuka. Karibu zinafutana, ndiyo sababu huna haja ya kubeba kikokotoo mlimani. Kinachobaki ni tofauti ya mchana na usiku. Tuseme umejaza 50 alasiri, tairi limepumzika kivulini, nyuzi 30. Asubuhi mahali pale pale ni nyuzi 5. Utakuta 44.7. Hapo usijiambie kwamba litapanda likitembea. Jaza mpaka 50 kabla ya kuondoka, na mchana likifika 59 au 60 huko bondeni, jikumbushe kwamba joto la hewa limepanda nyuzi 25. Kabla ya kulijaza, hata hivyo, tazama presha ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni na aina ya vali. Vali za mpira za kuchomeka nyingi ni za mwisho PSI 65. Ikiwa kibandiko chako kingedai 60 na zaidi, ungehitaji za chuma. Kwa 50 uko salama.

Wakati wa kushuka mlima, kuna breki. Breki za karavani za kusukumwa hufanya kazi kila gari la mbele linapopunguza mwendo, na mteremko mrefu huzipika. Shuka kwa gia ndogo, injini ishike mzigo, na usipime matairi mara tu ufikapo chini, maana utakuta namba za kukutia homa.

Nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye umeme wa gari. Ungekuwa nayo asubuhi ile, barua hii usingeiandika. Vihisio vya presha vya kufunga kwenye vali navyo vinafaa sana kwa karavani, kwa sababu dereva hasikii tairi la nyuma kabisa likiisha upepo. Vipangie 50 tairi likiwa baridi, kengele ya chini ilie kwenye 44, ya juu isiwe chini ya 62. Ukiiweka ya juu kwenye 55, itakupigia kelele kila adhuhuri mpaka utaizima, na siku ya kweli itakuwa imezimwa. Joto linaloonyeshwa na kihisio cha nje ya vali huwa chini kuliko joto halisi la ndani, kwa kuwa kiko kwenye upepo wa barabara. Kitumie kulinganisha magurudumu.

Yapo mambo mawili ambayo siwezi kukufanyia kutoka huku. Nenda kwenye mizani ya magari na karavani ikiwa imepakiwa kama unavyosafiri nayo, maji, gesi, viti na kila kitu, upime uzito wa ekseli. Wengi hukadiria wakakosea kwa kilo mia na zaidi, na hesabu yangu yote hapo juu imesimama juu ya ile 1,500 uliyonitajia.

La pili ni matairi yenyewe. Mafundi huchukulia kwamba tairi lililotembea likiwa limepungukiwa asilimia 20 au zaidi, kwako ni 40 au chini yake, ni lazima livuliwe kwenye rimu na kukaguliwa ndani. Hukufika huko. Ila ulibeba mzigo mzito juu ya upungufu, kwa kilomita 200, na mpira uliochomeka hauponi ukipoa. Hukaa na kidonda chake, ukapasuka miezi miwili baadaye siku yenye ubaridi, mtu akalaumu jiwe. Kabla ya safari ya milimani, mpelekee fundi wa matairi ayavue, aangalie ubavu kwa ndani kama kuna mpira uliosagika, mikunjo au rangi iliyobadilika, na kwa nje kama kuna uvimbe au nyufa. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa karavani, yakifika miaka 5 anza kujipanga kuyabadilisha, 7 usiivuke hata kama yanaonekana mapya. Na mwambie fundi ukweli wote, kwamba ulitoa upepo yakiwa ya moto na ukatembea na 43. Usipomwambia atatazama kashata, yale meno ya tairi, akute bado ndefu, akurudishie matairi.